Mgeni njoo, mwenyeji apone: Kundi la Wapwani Kitale na Bungoma

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Wengi wetu twaitumia methali hii tukiwa na maana kwamba siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa jogoo, na watoto wa nyumbani nao hupata kitoweo kwa baraka zake. Maana hiyo ni sahihi. Lakini iko maana ya pili iliyo ndani zaidi, nayo ni kwamba mgeni humponya mwenyeji kwa maswali yake. Mtu aliyeishi chini ya kilima kimoja miaka arubaini huwa hakioni tena. Aje mgeni aulize kilima hiki chaitwaje na ni nani waliofia hapa, ndipo mwenyeji akumbuke kuwa ana hazina aliyoiacha nje ikinyeshewa na mvua.

Haya nayasema kwa sababu katika nchi yetu ya Kenya safari za kujifurahisha zaenda upande mmoja tu. Kila mwezi wa Disemba treni na mabasi hushuka Mombasa yamejaa ndugu zetu wa bara waliokuja kuiona bahari, Ngome ya Yesu na magofu ya Gede. Sisi wa pwani, je? Wangapi katika Kibokoni, Malindi au Lamu wameutia mguu mji wa Kitale, au wameupanda mlima wa Chetambe? Wengi wetu twakujua Bungoma kwa jina tu, tukiwa tumelisikia katika matokeo ya mitihani au habari za kandanda. Nchi ambayo nusu ya watu wake hutembelea na nusu hutembelewa tu, ni kama nyumba yenye mlango mmoja wa kutokea.

Kwa hiyo kundi la watu 16, wengi wetu wa Mombasa na Malindi, tuliposhika njia ya kwenda magharibi chini ya kiongozi mmoja, nia haikuwa kutafuta wanyama. Tulikwenda kutazama utamaduni na historia ya watu. Nataka kumweleza msomaji yale yaliyoko huko, na pia kumweleza kwa nini safari ya namna hii, ya kundi lenye kiongozi, ina faida yake na hatari yake.

KIRONGOZI WA KALE

Kwanza, tusidhani kuwa kutembea kwa makundi nyuma ya kiongozi ni jambo tulilofunzwa na mashirika ya utalii. Misafara ya pwani ilifanya hivyo tangu kabla ya reli. Mbele yake alikwenda kirongozi na bendera, nyuma wakafuata wapagazi na mizigo, na kazi ya kirongozi ilikuwa kujua njia, kujua maji yaliko, na kujua adabu za kila nchi inayopitwa. Katika mwaka wa 1870 chama cha wanajiografia cha London kilichapisha maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara ya mbali. Aliyeyaandika alikuwa mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe, lakini aliyeyajua alikuwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi huko Udigoni. Sadi alizitaja njia kituo baada ya kituo, kama mwanafunzi wa chuo anavyosoma aliyoyahifadhi moyoni. Wazungu walizipokea habari zake wakazitia katika ramani zao, na leo wasomi wa historia wangali wakizitumia.

Basi kazi ya kiongozi wa safari ni kazi kongwe kwetu. Lakini urithi huo una pande mbili, na upande wa pili tuliukuta Kitale.

KITALE NA DUARA LA MAWE

Mji wa Kitale ulianzishwa na walowezi wa Kizungu mwaka 1908, na reli ikaufikia mwaka 1926. Uko baina ya mlima Elgon upande wa magharibi na milima ya Cherangani upande wa mashariki, na baridi yake ya asubuhi humfanya Mpwani aitafute kanzu ya pili. Mahali pa kuanzia ni makumbusho yaliyo kando ya barabara iendayo Eldoret. Chanzo chake ni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji maisha yake yote, akafungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyo wake na fedha za kujenga nyumba mpya viende kwa serikali. Nyumba hiyo ikafunguliwa Disemba 1974, nayo ndiyo makumbusho ya kwanza ya mkoani kujengwa katika bara ya Kenya.

Ndani yake mna vipepeo na ndege waliokaushwa, ngao, vibuyu, mitego na ala za muziki. Nje zimejengwa nyumba za jadi za watu mbalimbali wa magharibi na kaskazini, ili mtu aone kwa macho yake tofauti ya paa la Mbukusu na kibanda cha Mturkana. Nyuma ya makumbusho kuna msitu mdogo wa asili wenye njia ya miguu, na miti yake imeandikwa majina. Watoto wa shule hufurika humo, na kelele zao zilitufurahisha kuliko ukimya wa makumbusho mengi niliyoyaona.

Kutoka hapo kiongozi wetu, kijana wa Kibukusu mwenye sauti ya upole, alituambia habari ya klabu ya zamani ya walowezi, iliyo na uwanja wa gofu. Husimuliwa hapo Kitale kwamba misafara ya pwani ilikuwa na kituo mahali hapo, na kwamba watumwa walikusanywa ndani ya duara la mawe kabla ya kuanza safari ya kuteremka baharini. Kijana akasema, bila ya kututazama machoni, "Waliowafunga walikuwa Waarabu na Waswahili."

Kundi likanyamaza. Kijana mmoja wetu wa Mombasa akataka kubisha. Akasema kuwa hizo ni hadithi za kuwachukiza watalii, na kwamba kiongozi aliyelipwa na Wapwani hakupaswa kuwaambia hivyo. Mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Malindi, akamjibu kwamba yeye hakulipa nauli aje kusifiwa. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mwenye mvi.

Rai yangu niliyoitoa pale ndiyo ninayoiandika hapa. Habari ya duara la mawe ni simulizi, na kiongozi mwema huisimulia kama simulizi, kwa kusema "husemwa" mahali pa kusema "ilikuwa". Lakini kwamba misafara yetu ilifika nchi hizo, hilo halina shaka. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883, alikuta njia imekwisha fanywa na watu wa pwani hadi Kwa Sundu, ambayo ndiyo Mumias ya leo. Shabaha kubwa ya misafara ilikuwa pembe za ndovu. Hata hivyo palipopatikana watu, watu nao walichukuliwa, na kumwaga damu kwa ajili ya mifugo na chakula kulikuwako pia. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, wala amri hiyo haikuwafikia siku hiyo hiyo wanyonge wa chini ya Elgon. Katika mwambao wetu wa Kenya utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria mpaka mwaka 1907.

Pamoja na hayo, yafaa hadithi isimuliwe yote. Waliobeba pembe mabegani mwao aghalabu walikuwa wanyonge, na baadhi yao walikuwa watumwa wao wenyewe. Watawala wa bara nao walikuwamo waliofanya shirika na misafara kwa faida zao. Wala wanunuzi wa pembe hawakuwa wa pwani tu, kwani ndovu wa Elgon waliishia kuwa vitufe vya mchezo na vinanda katika nyumba za Ulaya na Marekani.

Kijana wetu wa kuongoza alisikiliza, kisha akaniuliza kwa adabu, "Na kwenu, mzee wetu, mnawasimulia nini wageni?" Swali hilo lilikuwa zito. Huku kwetu twawaonyesha wageni Ngome ya Yesu na kuwahesabia makosa ya Mreno. Yako mapango ya Shimoni, na iko Frere Town iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Lakini mara ngapi sisi wenyewe, na si mgeni, tumekwenda huko na watoto wetu tukawaambia kwamba waliofungwa walikuwa na majina na makwao? "Mwanangu," nikamwambia, "njoo Mombasa utuulize, nasi tupone." Hapo ndipo watu wakacheka, na kundi likawa kundi.

MAHINDI NA MEXICO

Mtu akiingia Trans Nzoia haoni ila mahindi. Hapa ndipo ghala la nchi. Kampuni ya mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na makao yake yangali hapo. Wachache katika kundi letu walijua kwamba mmea huu si wa kwetu kwa asili. Mahindi yalifugwa kutoka katika nyasi ya mwituni huko Mexico takriban miaka 9,000 iliyopita. Wareno waliyavusha bahari, na jina tuliloyapa sisi ladokeza kuwa wazee wetu waliyadhani yametoka Uhindi.

Tena uhusiano huo haukukatika zamani. Watafiti wa Kitale walipotaka mbegu yenye mazao makubwa zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1950 walitafuta mbegu ngeni katika nchi za Amerika ya Kilatini, wakaichanganya moja ya Ecuador na mbegu yao ya Kitale. Mwaka 1964 ikatoka ile iitwayo 611, ambayo wakulima wadogo waliipokea kwa haraka kama wakulima wakubwa. Ugali wetu wa leo, basi, una ujamaa na watu wa Mexico.

Nimewataja Wamexico kwa sababu nyingine pia. Wao wamekwenda mbele katika kazi hii ya kuwatembeza wageni kwa makundi ili waone utamaduni na historia. Hupelekwa Teotihuacan wakaione piramidi ya Jua, kisha hupelekwa Oaxaca sokoni wakaone mahindi ya rangi nyingi na vyungu vya udongo, na mapema Novemba huwaona watu wakiwakumbuka wafu wao kwa maua na chakula. Faida yake ni kubwa. Hatari yake nayo ni kubwa, kwani ibada ya nyumbani ikitazamwa na wageni wengi mno, mwenye nyumba huanza kuifanya kwa ajili ya mtazamaji. Neno hilo tuliweke akiba. Tutalirudia tutakapofika Bungoma.

MAPANGO YA ELGON

Siku ya pili tulipita Endebess tukaingia mlangoni pa hifadhi ya mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968. Mlima huu umegawika baina ya Kenya na Uganda. Kilele chake kirefu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Jina Elgon latokana na Wakony, jamaa moja ya Wasabaot, ambao walikaa humo mapangoni pamoja na ng'ombe wao.

Thomson alipoyaona mapango hayo mwaka 1883 alistaajabu sana. Hakuamini kuwa yangeweza kuwa kazi ya wenyeji aliowakuta; akadhani ni kazi ya taifa la kale lililostaarabika, hata akawataja Wamisri. Lakini jawabu lilikuwa likitembea kwa miguu minne. Jiwe la mlima huu lina chumvi, na ndovu wa Elgon huingia katika pango la Kitum usiku, gizani totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, wakaichimba chumvi kwa pembe zao na kuitafuna. Swala na nyati nao huifuata chumvi hiyo, na watu pia waliichimba kwa ajili ya mifugo yao. Hii ndiyo faida ya kuwa na kiongozi mwenyeji, kwamba mtu msomi alitafuta jawabu Misri ilhali lilikuwa karibu yake, katika vinywa vya wachungaji.

Kiongozi mwema hutoa pia onyo. Wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg na kufa baada ya kulizuru pango la Kitum, na wataalamu huwashuku popo wanaokaa mapangoni. Kwa hiyo sisi tulisimama mdomoni mwa pango, tukatazama, tukasikiliza maji yakidondoka, tukarudi. Si lazima mtu aingie kila penye mlango.

Juu ya mlima huu kuna habari nyingine ambayo vitabu vidogo vya watalii haviitaji. Ardhi nzuri ya chini ilichukuliwa na walowezi, wenyeji wakasukumwa huku na huko, na magombano ya ardhi yaliyotokana na hayo hayakwisha na uhuru. Baina ya mwaka 2006 na 2008 watu wengi waliuawa na wengine kuhamishwa katika vita vya kundi la SLDF na operesheni ya jeshi iliyofuata. Kiongozi wetu alitueleza kwa maneno machache, akatuomba tusiwaulize watu wa vijijini habari hizo kama wanaoulizia bei ya ndizi. Tulimtii.

CHETAMBE NA MTU WA LAMU

Kutoka Kitale tulishuka kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, penye maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia, ambayo Wazungu waliyaita Broderick. Ndipo palipojengwa kiwanda kikubwa cha karatasi, kilichofungwa mwaka 2009, watu wengi wakapoteza kazi kabla hakijapata wenye mali wapya. Juu ya mji umesimama mlima wa Chetambe.

Hapa ndipo moyo wa historia ya Wabukusu. Zamani wao walikaa katika vijiji vilivyozungushiwa boma la udongo na handaki refu, kwa hofu ya wavamizi. Walipokuja Waingereza na kujenga kituo chao Mumias, baadhi ya askari wao wa Kisudani walitoroka na bunduki zikaingia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kilichotumwa kuzirudisha kikauawa takriban chote. Basi mwaka 1895 C. W. Hobley akaleta jeshi la Wasudani, pamoja na Waganda, Wawanga na Wamasai, lenye bunduki ya mtombo. Vita vilianza katika boma la Lumboka, vikaishia katika boma la Chetambe. Mashujaa wenye mikuki na bunduki chache walisimama mbele ya mtombo nyuma ya ukuta wa udongo. Matokeo yake msomaji aweza kuyakisia.

Ukitafuta ukuta huo leo utaona ardhi iliyoinuka kidogo tu na kushuka, na mashamba ya watu yameusogelea. Mzee mmoja wa hapo alitutembeza kwa fimbo yake, akituonyesha handaki lilipopita. Bila yeye tungaliona magugu tu. Nilimwuliza kama wajukuu zake wanaijua mipaka hiyo. Akasema wanajua mipaka ya shamba.

Mwezi wa Septemba 1947 watu wapatao 5,000 walipanda mlima huu nyuma ya Elijah Masinde, mkuu wa Dini ya Msambwa, kuwakumbuka waliokufa 1895. Masinde alikuwa mtu wa Kimilili, aliyepata kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage, kisha akageuka kuwa mpinzani mkali wa ukoloni na kuwataka Wazungu waondoke. Serikali ilimweka kwanza katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11, naye akakamatwa mwezi huo huo akahamishwa mbali na kwao.

Na alipelekwa wapi? Lamu. Habari hii ilitugusa sisi wa pwani. Mtu wa mlimani, aliyezoea ukungu wa Elgon, alitupwa kisiwani kwetu penye chumvi na minazi, kwa sababu mkoloni aliiona Lamu kuwa mwisho wa dunia. Hata baada ya uhuru hakupata raha, kwani dini yake ilipigwa marufuku mwaka 1968, naye akaingia na kutoka jela mpaka alipofariki mwaka 1987. Huku kwetu twahifadhi majina ya masharifu na washairi wa Lamu kizazi kwa kizazi, na ni vyema. Jina la mfungwa huyu nalo lastahili kuongezwa katika historia ya kisiwa.

MWAKA WA TOHARA

Bungoma mjini kuna mabishano juu ya jina lenyewe. Wengine husema latokana na ngoma zilizokuwa zikilia hapo, na wengine husema latokana na Wabongomek waliokaa nchi hiyo kabla. Tulizisikiliza kauli zote mbili, nasi hatukuhukumu.

Jambo ambalo mgeni yeyote wa Bungoma huliulizia ni tohara. Wabukusu huwatahiri vijana wao katika miaka inayogawika kwa mbili, aghalabu mwezi wa Agosti. Kijana hucheza na njuga za chuma mikononi akiwaalika jamaa zake, hupelekwa mtoni alfajiri akapakwa matope ya baridi, na hurudi nyumbani akisindikizwa na wimbo wa sioyaye, akasimama mbele ya ngariba bila ya kupepesa jicho. Wao wenyewe husimulia kwamba ada hii ilithibitishwa na shujaa Mango, aliyeliua joka lililokuwa likiwamaliza watu, ndipo majirani wa Kikalenjin wakakubali kumtahiri. Kila anayetahiriwa huingia katika rika lake, na marika ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakisha manane huanza tena, na duru moja ni kama karne nzima. Mzee akikutajia rika la babu yake amekutajia tarehe.

Sasa lirudie neno la Mexico. Siku hizi vijana hao hufuatwa na simu za kupiga picha mpaka mtoni. Je, kundi la wageni liruhusiwe kutazama? Kiongozi wetu alikuwa na kanuni tatu, nami nazisifu. Ya kwanza, mgeni haendi mpaka aalikwe na jamaa ya kijana, wala hakuna kiingilio cha kulipwa mlangoni. Ya pili, picha hazipigwi mtoni wala wakati wa kisu. Ya tatu, mgeni hutoa zawadi kwa kijana kama watoavyo jamaa, akawa shahidi wala si mtazamaji. Mahali palipokosa kanuni hizi, tohara itakuwa mchezo wa jukwaani, na kijana wa miaka kumi na minne atakuwa mchezaji asiyelipwa.

Lakini lililonivuta mimi zaidi, kwa kuwa ni mtu wa mashairi, ni kumuse. Akifariki mzee mwenye heshima, baada ya maziko watu hukusanyika, na msemaji maalumu huingia uwanjani na fimbo yake. Hutembea huku na huku akinena bila ya kitabu: chimbuko la Wabukusu, koo zao, vita vyao, kisha huwakanya walio hai juu ya ulevi, tamaa ya mashamba na kupuuza wazazi. Kazi hiyo haifanywi na kila mtu. Hutoka katika koo maalumu na huhitaji miaka ya kusikiliza. Katika zama zetu Wanyonyi Manguliechi alisifika sana kwa ufasaha huo. Nikiufikiria msiba wa kwetu, na tenzi zilizosomwa barazani na wazee waliozihifadhi, naona kuwa Mbukusu na Mswahili walipanda mbegu moja katika mashamba mawili. Tofauti ni kwamba tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu zikasalimika katika masanduku, na kumuse inakaa kichwani mwa mtu. Akifa bila ya mwanafunzi, sanduku limezikwa naye.

FAIDA NA MASHARTI

Usiku wa mwisho jamaa mmoja wa kijijini alitualika chakula. Kuku kwa Waluhya ndiye heshima ya mgeni. Walituletea kuku hai pamoja na kisu, mwenye nyumba akaniambia, "Mzee, chinja wewe, mpate kula kwa raha." Hatukuwa tumeomba. Baadaye firigisi ikaletwa mbele yangu katika kisahani chake, kwa kuwa ndiyo haki ya mkubwa. Sikulala njaa, wala sikulala bila ya kufikiri.

Yafaa watu wa pwani waanze kwenda bara kwa makundi. Watu 16 hugawana nauli ya gari moja, na mlango usiofunguliwa kwa mtu mmoja mwenye kamera hufunguliwa kwa kundi lililoletwa na mwana wa nyumbani. Lakini yako masharti. Kiongozi awe mwenyeji aliyekaa na wazee, asiwe mtu aliyehifadhi karatasi moja. Mzee wa Chetambe alipwe kama alipwavyo dereva, kwani yeye ndiye kitabu. Serikali za Trans Nzoia na Bungoma ziweke vibao na zilinde mabaki ya maboma kabla jembe halijayamaliza. Semi za kumuse zirekodiwe kwa ridhaa ya wenyewe. Shule zetu za pwani zipeleke watoto huko, na za huko zilete wa kwao, kila upande ukiwa tayari kuulizwa.

Na atakayekwenda aende na masikio kabla ya macho. Akiambiwa jambo la kumwumiza juu ya wazee wake, asikimbilie kubisha. Aulize, apime, kisha atoe na yake. Yule kijana wetu wa Mombasa aliyebisha Kitale aliketi na kiongozi njia nzima ya kurudi, daftari mapajani, akiandika majina ya marika. Alipofika Kikwameti alisimama akauliza lini babu wa kiongozi alitahiriwa, na kiongozi akaanza kuhesabu kwa vidole.